Kikokotoo cha Medicaid kinaangalia nyuma

Juzi mama mmoja Mkongo, jirani yangu hapa Columbus, Ohio, alinigongea mlango akiwa na bahasha. Amefutwa Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini inayolipiwa kwa pamoja na jimbo na serikali kuu ya Marekani. Kipato hakijaongezeka hata senti. Fomu ya kuhakiki ilipelekwa alikohama. "Mwanangu, nilikosea wapi?" Tuliishikilia simu dakika arobaini, ikakatika.

Wakati wa korona asingefutwa. Sheria iliyosainiwa Machi 18, 2020 iliyaongezea majimbo pointi 6.2 za asilimia kwenye mchango wa serikali kuu kwa Medicaid, kwa sharti kwamba asiondolewe mtu. Ilikuwa sheria njema, na inaniuma kwamba ilibidi itungwe katikati ya msiba.

Karibu kila jimbo haliruhusiwi kukopa ili lilipe matumizi ya kawaida. Bajeti lazima ilingane na mapato. Migahawa na viwanda vikifungwa, kodi inakauka wakati uleule ambao waliopoteza kazi wanapanga foleni ya Medicaid. Hapa Ohio, Mei 2020, Gavana Mike DeWine alitangaza kukata dola milioni 775 ndani ya miezi miwili, milioni 210 zikitoka Medicaid, watu wakiwa wanakufa. Na jimbo likipunguza dola yake, linapoteza pia ile ambayo Washington, yaani serikali kuu, ingeongezea juu yake.

Kikokotoo chenyewe, kile kinachopanga asilimia ya mchango wa Washington, kinapima wastani wa kipato cha wakazi wa jimbo cha miaka mitatu iliyopita. Aprili 2020 ukosefu wa ajira ulipita asilimia 14, nacho bado kinasoma miaka ya neema. Mtikisiko wa uchumi uliotangulia ulianza Desemba 2007. Nyongeza ya mchango ilipitishwa Februari 2009. Zaidi ya mwaka! Fungeni asilimia ya mchango huo kwenye takwimu za ajira: watu wakipoteza kazi ipande yenyewe, wakirudi kazini ishuke, bila kumsubiri mbunge yeyote.

Wanaohofia kwamba majimbo yatachukua pesa hiyo yakazibe matundu mengine, sawa, hofu hiyo ninaielewa. Ndiyo maana sharti la 2020 lingebaki palepale.

Lilikoma Machi 31, 2023. Watu zaidi ya milioni 25 wakaondolewa, wengi wao kwa sababu za makaratasi tu, bila yeyote kuthibitisha kwamba hawastahili.

Mama amebakiwa na kichupa kimoja cha insulini kwenye friji. Kesho asubuhi nampeleka ofisi ya kaunti.