Kuanzia sifuri, au kuanzia Peru?

Kuna zoezi moja la Anni Albers, mfumaji na mwalimu wa ufumaji, ambalo mi nalipenda na linaniudhi kwa wakati mmoja. Alikuwa anawaambia wanafunzi wake wajione wako jangwani Peru, hawana nguo, hawana uzi, hawana chochote, haya sasa utafanyaje? Yaani uanze sifuri kabisa. Kabla hujagusa kitanda cha kufumia unashika punje za mahindi, majani, karatasi zilizosokotwa, unapanga mpaka macho na vidole vielewe mistari inavyokaa.

Uzuri wake uko wazi. Huyu mama hata ufumaji hakuuchagua, alifika Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu kule Ujerumani, mwaka 1922 akitamani karakana ya vioo, ila shule iliyokuwa inajitapa kwa usawa ilikuwa inawasukumia wasichana wengi kwenye nyuzi, na huko nako mafunzo ya ufundi yenyewe yalikuwa haba hadi wafumaji wenzake Gunta Stölzl na Benita Otte ikabidi wafunge safari kwenda Krefeld kusoma kutia rangi. Sa ukiwa huna fundi wa kukushika mkono utafanya nini zaidi ya kujaribu? Na wakajaribu kweli. Kitambaa cha diploma ya Albers, mwaka 1930, kilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau, mbele kina selofeni inayorudisha mwanga, nyuma kina uzi wa chenille, ule wenye vinyweleo laini, unaomeza mwangwi. Hilo si pambo jamani, hiyo ni kazi ya ukuta inafanywa na mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na zile zinazopita katikati yake!

Wanazi walipoibana Bauhaus hadi ikafungwa 1933, akahamia chuo cha Black Mountain College, North Carolina, Marekani, akafundisha hapo hadi 1949, na mwaka huohuo jumba la sanaa la MoMA la New York likamfanyia maonyesho ya peke yake, heshima ambayo hakuna mfumaji aliyewahi kupewa pale kabla yake. Tangu hapo kitambaa kikapata ruhusa ya kutundikwa ukutani kama mchoro.

Ila hebu rudi kwenye lile jangwa. Kwa nini Peru? Pwani ya Peru ndo kulikuwa na watu wanaofuma vitambaa vya tabaka mbili karne nyingi kabla ya Bauhaus, mfumaji amefunga ncha moja ya mtande kwenye mti na nyingine kiunoni kwake, akijisogeza nyuma kidogo nyuzi zinakaza. Vitambaa vya Paracas, utamaduni wa kale wa pwani hiyo, vina kama miaka 2,000. Hao hawakuwa sifuri hata siku moja! Albers mwenyewe alilijua hilo, kitabu chake cha 1965 amekitoa kwa heshima ya wafumaji wa Peru ya kale akiwaita walimu wake wakubwa, na darasani alikuwa anawafumisha wanafunzi kwa vitanda vya kiunoni, kwa hiyo simwiti mwizi. Tatizo ni kwamba zoezi linasafiri peke yake, shukrani inabaki kwenye kurasa za mwanzo za kitabu.

Ningekuwa mwalimu zoezi ningelibakiza. Nusu saa ya mahindi na majani, watu wahangaike, halafu naweka mezani picha kubwa ya kitambaa cha Paracas na kila mmoja ahesabu nyuzi za kipande kilicho mbele yake.