Wati 5 na hesabu inayosomwa vibaya

IC-705, redio ndogo ya Icom ya kurusha na kupokea, inatoa wati 10, na inauzwa kwa bei iliyo jirani na ya IC-7300 ya kampuni hiyohiyo, yenye wati 100. Ukigawa bei kwa wati, redio ndogo za mawimbi mafupi hazina mtetezi, na wapenzi wengi wa redio za ridhaa, wanaowasiliana hewani kwa kujifurahisha, huishia hapo.

Tuirudie hesabu, tukichukua redio ndogo ya wati 5. Kutoka wati 100 hadi 5, nguvu imepungua mara 20, jambo linalotisha likisemwa hivyo. Kwa desibeli, kizio cha kulinganisha nguvu, ni 13 tu. Alama moja ya kipimo cha S, kinachoonyesha ishara inavyofika kwa msikilizaji, ni desibeli 6, kwa hiyo aliyekuwa akikupata kwa S7 sasa anakupata chini kidogo ya S5. Kelele za kwake zikiwa S2, maongezi yanaendelea. Akiwa amezungukwa na chaja na taa za LED zinazompa S6, hakusikii tena, na hapo mwamuzi ni kelele zake kuliko redio yako. Tena desibeli hizo hurudishika: pandisha antena, tumia Morse badala ya sauti, au FT8, mfumo wa kidijitali wa kompyuta, ambayo tangu 2017 inasoma ishara zilizozama desibeli 20 chini ya kelele.

Halafu kuna betri, ambayo wakosoaji huiruka. IC-7300 inakula karibu ampea 1 ikisikiliza tu, na hadi 21 ikirusha kwa nguvu zote. KX2, redio ndogo ya Elecraft, inasikiliza kwa miliampea 135 hivi. Anayepanda mlima na redio mgongoni analipia ubahili huo wa umeme, na kwangu bei hiyo inaeleweka.

Wenye wati 100 wana hoja moja nzito: redio yao hushushwa hadi 5, ilhali ya wati 5 haipandi bila kuongezewa kikuza nguvu. Kwa anayeanza, anayetaka sauti na ana umeme wa ukutani, wako sahihi.

Soko lenyewe limepanuka pande zote. Ni kweli kampuni ya Yaesu imeachana na redio yake ndogo ya FT-818, mrithi wa FT-817 iliyodumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini Xiegu G90 inatoa wati 20 kwa bei ya chini kuliko IC-705. Na QCX ya QRP Labs, redio ya vipande vya kuunganisha, ya Morse na bendi moja tu ya masafa, ilianza 2017 kwa dola 49 za Marekani, ukiwa tayari kuichomelea mwenyewe. Mwenye shaka na wati 5 angejaribu kwanza hiyo kabla ya kubishana juu ya IC-705.