Nani Alipie Makosa ya Saidia Fundi?

Mwaka juzi gari langu, Toyota IST toleo la pili, liliua gia boksi. Lilianza na mtetemo mdogo nikiondoka kwenye taa, ukaja mlio, mwishowe injini ikawa inanguruma na gari haliendi. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimelipeleka kwenye gereji niliyoizoea kwa sevisi ya kawaida. Kijana mmoja, saidia fundi, aliambiwa abadilishe hidroliki ya gia boksi, naye akamimina ile ile ambayo fundi wake amekuwa akiimimina kwenye kila IST inayoingia pale. Kumbe IST ya kwanza ina gia boksi ya kawaida ya otomatiki, na ile ya pili ina CVT. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mkanda huo una oili yake maalumu inayoufanya ushike. Ukiwekewa nyingine unateleza, unakwaruza puli, basi tena.

Kijana sikumchukia. Nina uhakika hatarudia kosa lile maisha yake yote. Kinachonikaa rohoni ni kwamba somo lile alilipata kwa pesa yangu, na hakuna aliyeniuliza kama niko tayari kumsomesha.

Tangu siku hiyo nimechoka na ule mjadala wa VETA, vyuo vya ufundi vya serikali ya Tanzania, na gereji jinsi tunavyouendesha vijiweni. Mmoja anasema wa chuo wana vyeti ila kazi hawaijui, mwingine anasema wa mtaani wanabahatisha, chai inaisha, kila mtu anakwenda zake. Mimi nauliza swali jingine. Ufundi wa magari haufundishiki bila kuharibu vitu. Lazima mtu akate uzi wa bolti, afunge gasketi vibaya, achome fyuzi. Sasa, kila mfumo tulionao unamtwisha nani gharama hiyo?

Tuanze na gereji, maana ndiko walikopita wengi wa mafundi wanaotutengenezea magari. Kijana wa miaka kumi na sita anakuja na kandambili, anapewa kazi ya kuosha vyuma, kufungua nati za magurudumu, kukimbilia spea kwenye maduka ya Shaurimoyo au Gerezani, Dar, na kurudi na kitu kisicho chenyewe, anafokewa, anarudi tena. Baada ya mwaka anaitambua bushi ya Noah na ya Spacio kwa kuishika tu. Baada ya mitatu anasikia injini inamisi kutoka ng'ambo ya barabara. Hilo huwezi kulipata darasani. Kwa siku moja gereji yenye wateja inapokea magari mengi na maradhi mengi kuliko ambayo karakana ya chuo inayaona kwa muhula mzima, na kila ugonjwa una mwenye gari anayesubiri kwenye benchi huku akiangalia saa.

Lakini mwanagenzi wa gereji anarithi vyote, ujuzi pamoja na makosa. Mfano wangu mkubwa ni themostati. Kidude hiki kinakaa kwenye njia ya maji ya injini, kinafunga mpaka maji yafike nyuzi joto 80 na kitu hivi, ndipo kinafunguka yaende kwenye rejeta. Kikizeeka huweza kuganda kikiwa kimefunga, na gari likachemsha. Mafundi wa zama za kabureta, wakati spea ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, walikitoa wakakitupa, gari likaendelea kutembea. Kwa hali ya miaka ile siwalaumu. Injini za leo zinaongozwa na kontroli boksi, kompyuta ya gari. Bila themostati maji yanachelewa kupata moto, na sensa ikiiambia kontroli boksi kwamba bado ni ya baridi, inaongeza mafuta kana kwamba gari limewashwa sasa hivi alfajiri. Mteja anaona wese linakwisha tu. Anabadilishiwa plagi, anasafishiwa nozeli, anauziwa sensa. Muulize fundi kwa nini alitoa themostati, atakujibu kwamba Dar kuna joto, haihitajiki. Alifundishwa hivyo na fundi wake, aliyefundishwa na wake. Siku joto la Dar litakapofika nyuzi 80 nitampa haki yake. (Masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, siyaongelei. Hayo yanatolewa kwa sababu yana soko, na hilo ni kosa la aina nyingine.)

Kwa hiyo gereji inafundisha vizuri sana, na bili analetewa mteja. Mara nyingi hajui hata kwamba amelipa.

Chuoni mambo yamegeuka. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inatoza ada ya kozi ndefu ya shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Hiyo 60,000 mtu anaiacha gereji kwa sevisi moja. Mlipaji wa kweli wa mafunzo ni serikali, na vyuo vingine viko chini ya madhehebu, kama vile Don Bosco wa Dodoma na Iringa. Vyuo 54 vya Maendeleo ya Wananchi navyo vipo tangu enzi za Mwalimu. Kijana anayemaliza vizuri huko anajua sababu. Anasoma mchoro wa waya. Anajua kwa nini bolti za silinda hedi zinakazwa kwa mpangilio na kwa kipimo, wakati mtaani zinakazwa mpaka mkono useme imetosha. Na kuna jambo ambalo watetezi wa gereji hawapendi kulisikia: msichana anayetaka kuwa fundi magari ana mlango chuoni. Gereji nyingi hatapewa hata spana, atapewa kazi ya kuleta chai, au atavumilia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Tatizo la chuo ni kwamba kosa halina uzito. Injini ya kufundishia imesimama juu ya stendi, imefunguliwa na kufungwa na mikupuo mitano ya wanafunzi mpaka vichwa vya bolti vimekuwa mviringo. Ukisahau ringi moja, hakuna anayeondoka na gari kesho yake kwenda Morogoro, na hakuna mteja atakayerudi Jumatatu anafoka. Mara nyingi injini yenyewe ni ya kizazi ambacho mitaani kimeanza kupotea. Wanafunzi wanakwenda field, mafunzo ya kazini, ndiyo, lakini field ya wiki chache kwenye gereji isiyolipwa kitu kwa kuwapokea ina maana moja: wewe wa chuo kaa pembeni, usiguse gari la mteja. Mwenye gereji ana haki. Ni yeye atakayelitengeneza upya.

Mfumo wa tatu tunausahau kwa sababu ni mdogo. Wakala wa magari mapya ana mashine ya kupimia ya kiwanda, kitabu cha gari lenyewe, na gari lililo chini ya dhamana. Saidia fundi akikosea pale, hasara inabaki ndani ya kampuni, ndiyo maana kampuni inafundisha kwa bidii, hatua kwa hatua, na kuna mtu wa kukagua kabla ufunguo haujarudi kwa mteja. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mafunzo bora ya ufundi magari tuliyonayo. Ubaya wake ni nafasi chache, na nyingi zinaanza na cheti. Halafu fundi wa huko amezoea gari jipya na spea ya kuagiza. Mpe Toyota Raum ya mwaka 2004 iliyokwisha kuungwa waya na mafundi sita tofauti, atakuomba umruhusu kubadilisha nusu ya gari. Sisi tunaendesha magari yaliyotumika kutoka Japani.

Nikigusa kidogo yadi za kuuza magari, maana nako ni ajira. Anayeuza gari lililotumika angepaswa kujua kusoma karatasi ya mnada wa Japani, ajue kwamba alama ya R maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa, na ajue kumweleza mteja kwa nini gari lenye umri mkubwa linaongezewa kodi ya uchakavu. Vijana wa yadi ninaowajua wamejifunza kwa kusimama karibu na dalali. Wanajua cha juu, ile faida ya dalali, kuliko wanavyoijua injini. Hapo makosa yote analipa mteja, tena kabla hajalitoa gari getini.

Sasa pesa. Waajiri rasmi wanakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, kwa asilimia ya mishahara. Iliwahi kuwa asilimia 6, ikashushwa kidogo kidogo hadi 3.5 mwaka 2023. Wafanyabiashara wamekuwa wakidai ishuke zaidi, nami nawaelewa, kwa sababu Kenya mwajiri anachangia shilingi 50 za kule kwa mfanyakazi kwa mwezi. Kinachonishangaza mimi ni upande wa matumizi. Tozo inaitwa ya kuendeleza ujuzi, na mahali ambapo ujuzi wa magari unaendelezwa kila siku, chini ya mwembe na juu ya oili iliyomwagika, haifiki. Mtetezi wa mfumo atasema gereji hizo hazichangii tozo. Ni kweli. Ila zinawapa kazi vijana ambao chuo hakikuwa na kiti chao.

Jibu la serikali hadi sasa limekuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ni majengo: vyuo vipya vya VETA katika wilaya 64, na mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari chini ya sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023. Siyapingi. Kijana wa wilayani asipande basi kuja Chang'ombe kutafuta alichoweza kukipata nyumbani. Ila jengo lina utepe wa kukata, mashine ya kupimia magari haina, na kati ya viwili hivyo chuo cha ufundi magari kinahitaji cha pili zaidi. Upande wa pili ni kurasimisha ujuzi: fundi wa mtaani anapimwa, akifaulu anapewa cheti. Hili nalipenda kwa sababu ya heshima. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini si "asiye na elimu". Lakini wateja hawaulizi cheti. Mteja wa Dar anauliza, "Fundi wako nani?" Na zoezi la kupima lisipojaza pengo, fundi anayetoa themostati atakuwa fundi anayetoa themostati mwenye cheti ukutani.

Watu wakifika hapa huitaja Ujerumani. Kule anayesomea ufundi magari anakaa miaka mitatu na nusu, siku nyingi yuko gereji kwa mkataba na posho, nyingine yuko shuleni. Mwaka 2003 waliunganisha kazi ya makenika na ya umeme wa magari ikawa fani moja, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa limeshaziunganisha. VETA nayo imejaribu mtindo huo, inauita uanagenzi pacha. Nauona ndio njia, lakini tusidanganyane kuhusu ugumu wake. Fundi wetu hafundishi yote, anabakiza siri moja mbili, na si kwa roho mbaya. Kijana akishaiva, anavuka barabara, anafungua gereji mkabala na ya bosi wake na kuchukua nusu ya wateja. Ukitaka fundi afungue mkono, umlipe kwa kufundisha. Posho ya mwanafunzi peke yake haitoshi.

Na muda hausubiri. Prius, Aqua na Harrier za haibridi, zinazotumia petroli na umeme, zimejaa mjini. Betri kubwa ya Prius ina volti 200 hivi, na zikipita kwenye kibadilishi zinapanda zaidi ya mara mbili. Nyaya zake zina rangi ya chungwa kwa makusudi. Kuna plagi ya usalama ya kuchomoa, na hata ukiichomoa unasubiri dakika 10 umeme uliobaki uishe kabla ya kugusa. Mfumo wa kujifunza kwa kukosea, ambao nimeusifu hapo juu, haufai kabisa hapa. Kwenye bushi na klachi kosa linamgharimu mteja pesa. Kwenye waya wa chungwa linamgharimu kijana mwenyewe, na hapo ndipo hoja ya wapenda gereji tupu, nami nimo, inaponiponyoka.

Mwezi uliopita nilirudi gereji ile ile. Ndiyo, bado naenda. Kijana yupo, sasa anaangalia namba ya gia boksi kwanza kabla hajafungua kopo. Nikamuuliza fundi wake kama angempokea mwanafunzi wa VETA siku nne kwa wiki, ya tano awe darasani. Akafuta mikono kwenye kitambaa, akalitazama gari langu, akanitazama mimi.

"Namchukua hata kesho, kaka. Ila akimwaga hidroliki isiyo yake, wewe ndiye utakayelipa tena?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba anikagulie breki.