Polima hapa si kalibu
Eti ukitengeneza silika (kiini cha mchanga na kioo) yenye matundu, polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, ni kalibu tu: unaichanganya na silika, unaichoma, yanabaki matundu ya ukubwa wake. Kwa polima iitwayo polietilini glikoli sivyo kabisa. Molekuli yake ni nanomita chache, matundu yanafika mikromita, yametoka wapi? Polima hujishika kwenye silika, silika ikaanza kujitenga na kiyeyushi (kimiminika kilichoiyeyusha), na kabla havijaachana kabisa mchanganyiko ukaganda kuwa jeli. Matundu makubwa ni pale kilipokuwa kiyeyushi. Unaliona kwa macho: mchanganyiko mwangavu unageuka mweupe kama maziwa, ndipo unaganda. Ukiganda ungali mwangavu, choma utakavyo, hayo matundu huyapati. Tena ukizidisha polima hii, matundu hupungua ukubwa! Nani amejaribu kuyarekebisha kwa kubadilisha joto badala ya kipimo cha polima?