Babu hakuwa "mpiga chapa tu"

Jumamosi tulimzika Babu. Wasifu wa marehemu ulipewa dakika tatu, na aliyeusoma alipofika kwenye kazi yake akasema "alikuwa mpiga chapa tu mahakamani", kisha akarukia idadi ya watoto na wajukuu. Hilo "tu" limenikaa kooni mpaka leo.

Babu alisomea uhazili Tabora, akafanya kazi Mahakama Kuu, Mwanza, hadi alipostaafu. Enzi zile jaji aliandika ushahidi kwa mkono wake, halafu makaratasi yale yakaja kwa Babu ayachape. Mara nyingine jaji alitamka uamuzi, naye akaunasa kwa hatimkato, yale maandishi ya alama fupi badala ya herufi, maneno 100 kwa dakika.

Sasa nisikilizeni. Kesi ya mauaji ikikatiwa rufaa inakwenda Mahakama ya Rufani. Majaji wa kule hawakumwona shahidi akitetemeka kizimbani, wala hawakusikia sauti yake ikikatika. Walicho nacho mezani ni mwenendo wa kesi uliochapwa. Shahidi akisema hakumwona mtu usoni, mpiga chapa akaruka neno moja la kukanusha, karatasi itasema alimwona. Na mauaji ni kosa la kunyongwa!

Ndiyo maana Babu alipitia kila ukurasa mara mbili, rula chini ya mstari, midomo ikicheza bila sauti. Bibi anasimulia usiku aliotoka kitandani akapanda baiskeli kurudi ofisini, kisa jina la shahidi: hakuwa na hakika kama alilichapa kwa "l" au kwa "r". Weusi wa kaboni haukumtoka vidoleni hata siku ya Jumapili. Na ya mahakamani hakuyaleta nyumbani kamwe. Tukimdadisi, jibu lilikuwa moja: "Waulizeni walioapa."

Haya, nakubali, watu wamesota miaka wakisubiri nakala za mwenendo, na wengine walisubiri wakiwa gerezani. Mitambo ya kunukuu sauti ikiwapunguzia mateso hayo, vema. Lakini nani atapanda baiskeli usiku kwa ajili ya herufi moja?

Sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, Babu alitaka nimsomee habari ile mara mbili, kisha akakaa kimya muda mrefu. Maisha yake yote alisikia mashahidi wakisema Kiswahili, akachapa Kiingereza.

Ameacha daftari moja la jalada gumu, limejaa hatimkato mpaka ukurasa wa mwisho. Vijimstari, vikunjo, nukta. Katika ukoo wetu hakuna awezaye kusoma hata neno. Kama nyumbani kwenu yupo mama au bibi aliyepitia uhazili zamani, na macho bado yanamruhusu, naomba mniambie. Nitamfuata popote alipo, na daftari nitalishika mwenyewe mkononi.