"Nauseously": nani anachefuka?

Kielezi cha Kiingereza "nauseously" kina sura mbili. Kinaweza kumhusu mtu anayesikia kichefuchefu, au kitu kinachowatia wengine kichefuchefu. Ugomvi wenyewe unaanzia kwenye kivumishi chake, "nauseous".

Wahafidhina wa lugha hiyo wanashikilia kuwa "nauseous" ni kile kinachochefua tu. Aliyechefuka ni "nauseated". Theodore Bernstein, aliyekuwa mhariri New York Times, alisema aliyechefuka haitwi "nauseous" kama ambavyo aliyelishwa sumu haitwi "poisonous", yaani mwenye sumu. Strunk na White, katika The Elements of Style, kitabu chao cha kanuni za uandishi wa Kiingereza, wanakuonya usiseme "I feel nauseous" mpaka uwe na hakika kwamba unawachefua wenzako. Kejeli tamu hiyo, ila hoja ni nyepesi. Kamusi ya Merriam-Webster inasema wazi kwamba wanaoikataa maana ya kuchefuka ndio waliokosea. Tena, nesi wa London akiambiwa "I feel nauseous" analeta beseni, hakimbii.

Kwenye kivumishi, basi, niko upande wa kamusi. Kwenye kielezi wahafidhina wana lao jambo. Chukua "she smiled nauseously". Alitabasamu huku roho inamchafuka, au tabasamu lake lilikuwa la kujipendekeza hadi likamchefua aliyelitazama? Sentensi haisemi. Mfasiri wa Kiswahili anakwama papo hapo, maana kitenzi chetu kinamlazimisha kuchagua: kuchefuka au kuchefua.

Wapo watakaosema muktadha unatosha. Abiria kwenye meli inayoyumba akiguna "nauseously", nani atauliza? Kweli, na hapo neno limerudi kwao, kwani asili yake ni neno la Kigiriki la meli. Lakini mwambie msomaji kwamba mwanasiasa fulani alihutubia "nauseously", uone atakavyokisia.

Na utata huo hauna sababu, kwa kuwa Kiingereza kina "queasily" kwa anayeugua tumbo na "nauseatingly" kwa kinachochefua. "Nauseatingly sweet" inaeleweka mara moja: chai iliyotiwa sukari mpaka inakinaisha. Mimi "nauseously" ningemwachia anayetaka utata kwa makusudi, kwa mzaha labda. Mwanafunzi aliye kwenye chumba cha mtihani aandike "nauseated" akimzungumzia mgonjwa, maana hajui kama msahihishaji wake ni mfuasi wa Strunk.