Silikoni juu ya mshono: ushahidi hafifu haumaanishi haifai

Wiki chache baada ya dada yangu kujifungua kwa upasuaji, mshono wake ulikuwa umefunga vizuri, lakini upande wa kushoto kovu lilianza kutuna. Likawa gumu, la zambarau iliyokolea, na likimwasha kila mkanda wa sketi ulipoligusa. Kliniki alikokwenda aliambiwa, "Mama, kovu ni kovu tu, litafifia lenyewe." Muuzaji wa duka la dawa naye akamhakikishia kwamba bandiko la silikoni, yaani karatasi laini inayonata kwenye ngozi, lingelifuta kovu lote ndani ya mwezi mmoja. Ahadi ya muuzaji ilikuwa ya uongo, na wanaoitoa wanawaumiza wagonjwa. Hata hivyo jibu la kliniki ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa lilitolewa kwa jina la tahadhari ya kitaalamu.

Wenye mashaka wana hoja nzito. Kovu la kawaida huendelea kukomaa kwa mwaka mmoja au zaidi. Hupungua wekundu, hulainika na kulala bila kupakwa chochote, hivyo mtu aliyebandika silikoni miezi sita ataisifu kwa kazi ambayo huenda mwili ungeifanya wenyewe. Wanaongeza, kwa haki kabisa, kwamba mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 20 yenye washiriki 873, yalikiri kuwa ushahidi ni hafifu na kwamba majaribio mengi hayakufanywa kwa umakini wa kutosha. Mama anayehesabu nauli ya kumpeleka mtoto kliniki ana haki ya kujua hilo kabla ya kufungua pochi.

Lakini tarakimu hizo zinahitaji kutazamwa kwa karibu, maana zinanukuliwa kana kwamba zimemaliza kesi. Gawanya 873 kwa 20: kila jaribio linapata wastani wa watu wasiofika 44. Ndani yao mna watoto wadogo na wazee wa zaidi ya miaka themanini, walioungua na waliopasuliwa, wenye makovu mapya yanayokingwa na wenye makovu ya zamani yanayotibiwa. Tena bandiko huonekana kwa macho, kwa hiyo ni vigumu kumficha mgonjwa asijue kama amepewa silikoni au hakupewa. Majaribio madogo, yaliyochanganya watu wa aina nyingi hivyo, hayawezi kutoa jibu imara hata kama tiba inafanya kazi. Wahakiki wa Cochrane wenyewe waliona dalili za manufaa, hasa katika kuzuia kovu lisitune kwa watu walio katika hatari kubwa. Walichokataa ni kuziamini dalili hizo kikamilifu. Kulisoma neno "hafifu" kana kwamba limeandikwa "haifai" ni kuwasemea wahakiki jambo ambalo hawakulisema. Mwaka 2002, jopo la kimataifa la wataalamu wa makovu liliupima ushahidi wa wakati huo, likaiweka silikoni miongoni mwa chaguo la kwanza.

Namna inavyofanya kazi nayo haina uganga. Watabibu wa Adelaide, Australia, walieleza matumizi ya silikoni kwa makovu ya moto mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba siri haiko katika mgandamizo wala joto. Ngozi changa juu ya kovu hupoteza maji upesi kuliko ngozi nzima. Silikoni huyazuia maji hayo yasitoke ovyo, tabaka la juu hubaki na unyevu, na inaaminika kwamba hapo ndipo seli za chini zinazotengeneza kolajeni, protini inayojenga kovu, hupunguza kasi yake. Silikoni haihitaji kupenya mwilini, kwa hiyo kuiogopa kama ile inayopandikizwa matitini hakuna msingi. Ni kweli pia kwamba, kama siri ni unyevu, mtu anaweza kuuliza kwa nini asitumie mafuta ya mgando tu. Swali hilo ni halali, ingawa mafuta hufutika kwenye nguo ndani ya saa chache, ilhali bandiko hukaa mahali pake usiku kucha.

Jambo linalonifanya niegemee upande mmoja ni ngozi yenyewe. Watu wenye asili ya Afrika hupata makovu ya kutuna na keloidi mara nyingi zaidi, na keloidi haisubiri kufifia: hukua ikavuka mipaka ya jeraha, wakati mwingine miezi mingi baada ya upasuaji. Ushauri wa "subiri tu" unamfaa mwenye ngozi isiyo na mwelekeo huo. Kwa mama ambaye ndugu zake wana keloidi masikioni au kifuani, kusubiri ni kuipoteza miezi ambayo kinga ingeweza kusaidia. Keloidi ikishakomaa, silikoni peke yake haitoshi. Huhitaji sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, na kuikata bila tiba nyingine mara nyingi huirudisha, pengine kubwa kuliko mwanzo.

Anayeamua kuitumia asiiweke kwenye kidonda kibichi, chenye nyuzi au kinachotoa maji. Bandiko likae saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi miwili au mitatu angalau, na katika joto la pwani livuliwe mara kwa mara, ngozi ioshwe na kukaushwa, la sivyo jasho litaleta vipele.

Dada yangu alikata bandiko moja vipande virefu vyembamba, upana wa vidole viwili. Kila asubuhi alikiosha kipande kwa sabuni isiyo kali, akakilaza juu ya kisahani, upande wa gundi ukitazama juu, na kukirudisha kikikauka. Kuwasha kulikoma katika wiki ya tano. Alama ingalipo, na siwezi kuapa kwamba kovu lisingelainika bila bandiko. Lakini mkanda wa sketi haumsumbui tena.